Majengo ya Kairo: Nadhiri, Wakfu na Haki za Watu

 

Mji wa Kairo si mgeni masikioni mwa watu wa pwani yetu. Vijana wetu wengi wamekwenda kusoma Azhar, na vitabu vingi vya fiqhi tunavyosomeshea vilipigwa chapa huko. Lakini wengi waendao Misri hurejea na habari za mapiramidi ya makafiri wa kale na za soko la Khan el-Khalili, na majengo ya Waislamu wenzao huyapita kama mtu apitaye ukuta. Nayo majengo hayo yako wazi kwa mgeni, mengi yao yako karibu karibu, hata mtu mwenye miguu mizima aweza kuyatembelea kwa siku mbili tatu. Basi leo, ndugu msomaji, na tutembee pamoja, na kila mlango tutakaofika tuuulize maneno matatu: nani alikujenga, kwa mali ya nani, na kwa faida ya nani?

MSIKITI WA IBN TULUN

Tuanze na Msikiti wa Ahmad Ibn Tulun, uliomalizika mwaka 265 wa Hijra (879). Bwana huyu alitumwa na Makhalifa wa Bani Abbasi kutawala Misri, naye akajijengea mji wake mwenyewe ukiitwa al-Qata'i. Mwaka 905 majeshi ya Khalifa yaliubomoa mji ule, majumba ya kifalme na viwanja vyake, usibaki ila msikiti. Nyumba ya mtawala imekwenda, nyumba ya Mwenyezi Mungu imesimama.

Mgeni akiingia ataona ua mpana sana, na pande zote safu za nguzo nene za matofali yaliyopakwa chokaa. Wanahistoria wanasimulia kwamba Ibn Tulun aliambiwa msikiti wa ukubwa ule utahitaji nguzo 300 za mawe, na haziwezi kupatikana ila kwa kung'olewa makanisani na katika magofu. Jambo hilo likamchukiza. Ndipo fundi mmoja Mkristo aliyekuwa kifungoni akapeleka habari kwamba yeye aweza kuujenga kwa matofali, bila ya kung'oa nguzo ya mtu. Akafunguliwa, akajenga. Ikiwa masimulizi haya ni sawa, basi msikiti ule ulisimama juu ya haki kabla ya kusimama juu ya matofali.

Miaka ikapita, msikiti ukachakaa. Mwaka 1293 Sultani al-Ashraf Khalil aliuawa, na amiri mmoja jina lake Lajin, aliyekuwa na mkono katika mauaji yale, akakimbilia kujificha ndani ya msikiti huo uliokuwa gofu. Akaweka nadhiri kwamba akisalimika atautengeneza. Alisalimika, na mwaka 1296 akawa Sultani mwenyewe, na nadhiri yake akaitimiza. Kuba lililo katikati ya ua ni lake, na mimbari ni yake, na akauwekea mali ya wakfu ili darsa zisomeshwe. Damu aliyoshiriki kuimwaga hesabu yake iko kwa Mola wake, wala kujenga hakumfutii mtu haki ya mtu. Lakini nadhiri ni deni, na deni lile alililipa.

HOSPITALI YA QALAWUN

Tushike njia ya zamani ipitayo katikati ya mji, waiitayo njia ya al-Mu'izz. Hapo pana majengo ya Sultani Qalawun: madrasa, kaburi lenye kuba, na nyuma yake maristani, yaani hospitali. Nayo asili yake ni nadhiri. Kabla hajawa Sultani, Qalawun aliugua huko Damascus, akatibiwa kwa dawa za hospitali iliyojengwa na Sultani Nuruddin. Alipopona akaahidi kwamba Mwenyezi Mungu akimpa ufalme, naye atajenga mfano wake. Mwaka 683 wa Hijra (1284) kazi ikaanza, na kwa muda wa miezi kama kumi na mitatu ikawa tayari.

Maskini na tajiri walipokewa humo bila malipo. Wanaume walikuwa na mahali pao na wanawake pao. Wenye homa walitengwa, wenye macho walitengwa, wenye majeraha walitengwa. Maduka, hamamu na nyumba za kupangisha ziliwekwa wakfu, na kodi yake ndiyo iliyonunua dawa na kuwalipa matabibu. Ibn Battuta, aliyefika Kairo mwaka 1326, na miaka mitano baadaye akafika kwetu Mombasa na Kilwa, aliistaajabia hospitali hiyo hata akaona haiwezekani kuisifu ikatosha. Wafaransa walipoivamia Misri mwaka 1798, baada ya miaka zaidi ya 500, walikuta wagonjwa bado wamo. Katika karne ya 20 ilijengwa hospitali ya macho papo hapo. Tazama, ndugu yangu, urefu wa mkono wa sadaka!

Hata hivyo haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Jengo kubwa vile kwa miezi michache halikujengwa kwa upole. Wapita njia walikamatwa wakalazimishwa kubeba mawe, na mawe mengine yalibomolewa katika majumba ya watu waliotangulia. Wako wanavyuoni wa zama zile waliochukia hata kusali humo kwa sababu hiyo. Hawakudanganywa na marumaru. Walijua kwamba tendo jema lina mlango wake, na mlango huo si dhuluma.

MADRASA YA SULTANI HASSAN

Chini ya ngome aliyoianza Salahuddin mwaka 1176, limesimama jengo ambalo wengi wanaliona kubwa kushinda yote ya zama za Mamaluki. Sultani Hassan alilianza mwaka 757 wa Hijra (1356). Mlango wake una kimo cha mita zipatazo 38. Ndani mna ua, na pande nne kumbi nne kubwa, na kwenye pembe madrasa nne: ya Shafii, ya Hanafi, ya Maliki na ya Hanbali. Madhehebu manne, ua mmoja, kibla kimoja. Wangekwenda hapo wale wanaogombana misikitini kwa sababu ya kunuti wakakaa kitako saa moja tu!

Lakini mali yake ilitoka wapi? Mwaka 1347 tauni kubwa iliingia Misri, watu wakafa majumba kwa majumba, na mali ya waliokufa bila warithi ikaingia hazina. Sehemu ya mali hiyo ndiyo iliyotumika hapa. Mwaka 1361 mnara mmoja ulianguka, ukaua watu wapatao 300, miongoni mwao watoto mayatima waliokuwa chuoni. Siku kama 33 baadaye Sultani mwenyewe akauawa, na maiti yake haikuonekana. Kaburi alilojitengenezea chini ya kuba lile refu, wamezikwa wanawe, yeye hayumo. Mwenye akili anatosheka na hilo.

MLANGO ULIONUNULIWA

Tuteremke hadi Bab Zuwayla, lango la mji lililojengwa mwaka 1092. Juu yake ipo minara miwili ya Msikiti wa Sultani al-Mu'ayyad, na mgeni huruhusiwa kupanda akauona mji wote. Kabla ya kutawala, al-Mu'ayyad alifungwa katika jela iliyokuwa mahali hapo, akateswa na chawa na viroboto. Akaweka nadhiri kwamba akitoka na kupewa utawala ataibomoa jela ile na kujenga msikiti. Mwaka 818 wa Hijra (1415) akaanza kuitimiza. Pahala pa minyororo pakawa pa sijida.

Lakini mlangoni pa msikiti huo usimame uangalie. Milango yake mikubwa ya shaba haikutengenezewa hapo. Ilitolewa Madrasa ya Sultani Hassan, nayo ililipiwa dinari 500 tu, thamani ndogo mno kwa kitu kama kile. Hapa ndipo pa mafunzo. Mtu alitaka kutimiza nadhiri kwa Mola wake, akaipamba kwa kitu cha wakfu wa mwingine. Na sharia ya wakfu tunaijua tangu ardhi ya Sayyidna Umar (R.A.) huko Khaybar: asili yake huzuiwa, haiuzwi, haipewi mtu wala hairithiwi, kinachotumika ni matunda yake.

MAJI CHINI, QUR'ANI JUU

Tusirudi bila ya kuona majengo mawili madogo. La kwanza ni sabili ya Abdulrahman Katkhuda, ya mwaka 1744, iliyo njia panda. Chini yalitolewa maji bure kwa kila mwenye kiu, na ghorofani palikuwa chuo cha watoto cha kusoma Qur'ani. Jengo dogo, lakini sisi tuliokula chumvi nyingi katika kazi ya chuo tunaliona kubwa kuliko ngome.

La pili ni Bayt al-Suhaymi, nyumba ya mwaka 1648, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2000. Mlango wake hauingii moja kwa moja. Ujia umepindwa ili mpita njia asiwaone wenyeji. Madirisha yana mbao za kimia, na juu ya dari pana mdomo wa kukamata upepo. Mtu wa Lamu akiingia humo hatakuwa mgeni, maana daka na tekani za nyumba zetu za kale zilifanya kazi ile ile: kumkirimu mgeni na kuistiri nyumba kwa pamoja.

LA KUFANYA NYUMBANI

Sasa tujiangalie. Majengo ya Kairo yalisimama muda wote mali ya wakfu ilipolindwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muhammad Ali alitwaa mashamba mengi ya wakfu, na misikiti na sabili zikakosa wa kuzitengeneza, hata ikabidi mwaka 1881 iundwe kamati ya serikali ya kuyaokoa majengo ya kale. Na kwetu tuliona tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883, ilipoporomoka na kuua watu. Jengo haliangukii siku ya kuanguka. Huanguka tangu siku ya kwanza tulipouona ufa tukanyamaza.

Katika miji yetu ziko nyumba na minazi zilizowekwa wakfu na mababu na mabibi kwa ajili ya mafuta ya taa ya msikiti, futari na mwalimu wa chuo. Leo msikiti hauna taa ya mafuta, basi mjukuu husema wakfu umekwisha, na mnunuzi yuko barazani anangoja. Haukwisha. Taa imebadilika, haja iko pale pale. Kila nyumba na iwaulize wazee wake wangali hai: kipi ni cha wakfu, mipaka yake wapi, hati yake iko kwa nani? Yaandikwe, na washuhudiwe mashahidi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali ya mwanadamu hukatika kwa kufa kwake ila kwa mambo matatu, na la mwanzo ni sadaka yenye kuendelea. Anayeuza wakfu wa babu yake, basi amemkatia maiti sadaka yake kaburini.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kujenga kwa halali na kulinda kwa uaminifu. Amin. Wabillahi tawfiq.