Bima ya afya na sigara: nani aliwahi kulipa?

Juma lililopita baba mmoja mkimbizi wa ndani, mutu wa upande wa Katoyi, alinisimamisha mbele ya santere. Alishika fishi yake ya kifua kikuu. Dawa alikuwa amepewa bure, kama inavyotakiwa katika nchi nzima, na muuguzi alikuwa amemwambia aache sigara. Akaniuliza: "Mutoto yangu, dawa wamenipa. Na hii ya kuacha tumbaku, nani anailipia?"

Jibu fupi: hakuna. Lakini swali lake lilinisumbua, nikarudi nyuma kutafuta.

Wazee wetu wa Masisi na Walikale walivuta kiko, na tumbaku waliipanda karibu na nyumba. Sigara ya paketi inataka franga mkononi, na franga zilikuja na kazi ya mshahara. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, kampuni iliyopewa madaraka juu ya ardhi kubwa ya huku kwetu. Walowezi wakapanda kahawa, chai na pareto. Mfanyakazi akiugua, alitibiwa kwa gharama ya bwana wake, kwa sababu bwana alihitaji mikono yake shambani. Asiyekuwa na bwana alikwenda kwa wamisionari au dispansere ya serikali, au alibaki na dawa za miti. Tumbaku haikuhesabiwa kuwa ugonjwa. Hata Ulaya na Marekani, ni mwaka 1950 ndipo waganga walionyesha wazi kwamba sigara inaleta kansa ya mapafu.

Baada ya uhuru, mwaka 1961, INSS ikaanzishwa, ile inayoitwa leo CNSS. Wengi wanadhani ilikuwa bima ya afya. Sivyo. Ilihusu pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na posho ya familia. Malaria au kikohozi cha kawaida kilibaki juu ya mwajiri, na Kodi ya kazi ya 2002 inasema vilevile. Sasa niambieni, mkulima wa Nyabiondo ana mwajiri gani? Mchimbaji wa Rubaya au wa Bisie je? Hao ndio wengi wetu, na sheria iliwaruka.

Mwaka 1986, mbali na hapa, kule Bwamanda katika Ekwateri, hospitali ilijaribu njia nyingine. Watu walitoa mchango mdogo kila mwaka, na aliyelazwa alilipa sehemu tu ya deni. Hapo ndipo mituweli za afya za nchi hii zinatazama kama kwa mzee wao. Mwaka 2017 sheria ya mituweli ilitoka. Ni kitu kizuri, lakini kinataka watu wanaokaa pamoja na kuvuna pamoja. Mutu aliyekimbia usiku na godoro kichwani anaacha shamba na santere aliyoandikishwa. Kadi yake, hata akiwa nayo mfukoni, inamsaidia nini katika kambi?

Na mituweli yenyewe inalipa mutu akiwa tayari kitandani. Kumsaidia asifike kitandani ni jambo lingine. Congo ilithibitisha mkataba wa dunia juu ya tumbaku mwezi wa 10 mwaka 2005. Kifungu cha 14 kinaomba nchi ziwasaidie wanaotaka kuacha. Mwaka 2009 OMS iliweka dawa za nikotini, ubani wa kutafuna na plasta ya ngozi, katika orodha ya dawa za lazima. Miaka 20 imepita tangu mkataba, nami katika santere nilizotembelea sijaona hata plasta moja.

Nilimuuliza muuguzi wake. Akasema siku za kwanza ndizo mbaya: hasira, usingizi kukosa, kichwa kuuma. Juma la kwanza likipita mwili unaanza kutulia, ingawa hamu inaweza kurudi kwa majuma kadhaa. Maneno ya dakika chache kila mgonjwa anapokuja kuchukua dawa yanasaidia, akasema, na hayo hayahitaji ubani wala plasta. Yanahitaji muuguzi asiye na watu 60 wanaomngoja kwenye benchi. Siku ile walikuwa wengi hivyo, niliwahesabu.

Nilimrudishia baba jibu. Alicheka, akatoa mfukoni sigara moja aliyonunua kwa rejareja, akaivunja katikati. Nusu moja akairudisha mfukoni. "Hii ni ya jioni," akasema. Atarudi santere siku ya nne, na muuguzi ameandika kwenye fishi yake, chini ya dawa, kwa Kifaransa: anavuta, anajaribu.