Boti Zilizopita Nchi Kavu: Vyombo vya Matanga katika Njia ya Tabora

Historia ya vyombo vidogo vya matanga katika maziwa makuu ya Afrika Mashariki inaanzia nchi kavu. Kabla ya reli, boti iliyotoka pwani ya Bagamoyo au Saadani kwenda Ziwa Tanganyika au Nyanza (Ziwa Victoria) ilikatwa vipande, ikafungwa kwenye miti na kubebwa na watu kwa miezi kadhaa. Unyanyembe, nchi ambayo leo ina mji wa Tabora, Kitete, Kwihara na vitongoji vyake, iko zaidi ya kilomita 700 kutoka bahari, wala haina mto wa kupitisha jahazi. Hata hivyo, katika nusu ya pili ya karne ya 19 mipango ya kusafiri majini ilitegemea sana njia iliyopita hapo, kwa kuwa misafara iligawanyika katika nchi hiyo: mmoja ukaelekea magharibi, Ujiji, na mwingine ukashika kaskazini kwenda Usukuma na Nyanza.

Waarabu na Waswahili walianza kukaa Kaze, karibu na Tabora ya sasa, mwanzoni mwa miaka ya 1850. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika hapo tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka, sufuria na silaha yake. Nguo, shanga na pembe za ndovu ziligawanyika vizuri kwa kipimo hicho. Mbao za boti hazikugawanyika. Kipande kizito kilibebwa mzegazega, kikining'inia kwenye mti kati ya watu wawili, na wapagazi wengi waliuchukia mzigo wa namna hiyo: katika njia nyembamba ya vichaka wa nyuma haoni anapokanyaga, na mmoja akijikwaa wote wawili huanguka. Punda na ng'ombe hawakuwa msaada wa kutegemewa, maana mbung'o waliwaua njiani. Tena wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakulima. Walipenda kusafiri kiangazi na kurudi mvua zinapokaribia, ili wawahi kupanda. Mwenye boti aliyechelewa kuondoka pwani alikosa watu wa kuibeba, na aliyepata watu bado alidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, na watemi wa njiani.

Burton na Speke walikuwa wa kwanza kulipia ugumu huo. Zanzibar walikuwa na boti ya chuma ya vipande iliyoitwa Louisa, lakini wapagazi hawakutosha, ikaachwa pwani. Walipofika Ujiji Februari 1858 hawakuwa na chombo. Speke, akifuatana na msaidizi wake Sidi Mubarak Bombay, alivuka ziwa kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba Hamid bin Sulayim jahazi lake. Mfanyabiashara huyo hakukataa, ila alitaka kwanza kumaliza safari yake mwenyewe. Mwezi wa Machi ukapita hivyo, na mwishowe wageni hao walikwenda kaskazini hadi Uvira kwa mitumbwi miwili ya kukodi, wakarudi bila kuuona mdomo wa Mto Ruzizi. Baadaye mwaka huo Speke alitoka Kaze akafika kusini mwa Nyanza. Hapo pia alisimama ufukweni bila chombo, na ubishi kuhusu ukubwa wa ziwa hilo na chanzo cha Mto Nile ukaendelea kwa miaka 17.

Majini kwenyewe hakukuwa kutupu. Wavuvi na wachuuzi wa Ujiji walisafiri kwa mitumbwi ya magogo makubwa, wakipiga kafi huku wakiambaa pwani na kulala katika vihori. Mafundi wa pwani nao walikuwa wamekwisha kuunda majahazi machache ya mbao za huko huko, yenye mlingoti mmoja na foromali kama ya mashua za Zanzibar. Katika hali hiyo jahazi halikuhitaji kubebwa. Kilichopita Tabora ni ujuzi wa fundi, pamoja na misumari, kamba na nguo za matanga zilizogawanyika katika mizigo ya kawaida.

Henry Morton Stanley alipomtafuta David Livingstone mwaka 1871 alitoka Bagamoyo na boti mbili, akiwa amezivua mbao zake ili zipungue uzito na kuandaa turubai la kuzifunika zikifika. Hila hiyo haikumsaidia. Yeye na Livingstone walizunguka kaskazini mwa Tanganyika kwa mtumbwi wa kuazima kutoka kwa Sayyid bin Majid wa Ujiji, kisha wakarudi pamoja Kwihara mwanzoni mwa 1872. Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alichagua njia nyepesi zaidi. Mwaka 1874 alipata vyombo Ujiji kwenyewe, akaviita Betsy na Pickle, akaondoka tarehe 13 Machi kuelekea kusini. Alirudi tarehe 9 Mei akiwa amepima sehemu kubwa ya ufuko na kuuona Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa kuelekea Kongo. Bombay, aliyekuwa na Speke mwaka 1858 na Stanley mwaka 1871, alikuwa pia katika msafara wa Cameron.

Boti ya kwanza iliyofaulu safari yote ya nchi kavu na kuzunguka maziwa yote mawili ni Lady Alice ya Stanley. Iliundwa na James Messenger wa Teddington, kando ya Mto Thames, kwa mbao nyembamba za mwerezi. Urefu wake ulikuwa futi 40, upana futi 6, nayo iligawanywa katika vipande vitano. Zanzibar vipande hivyo vilionekana kuwa vizito kupita kiasi, hivyo fundi akavipasua tena ili watu wawili waweze kukibeba kila kimoja. Wapagazi wa boti walichaguliwa miongoni mwa wenye nguvu kuliko wote. Walilipwa zaidi, wakapewa posho kubwa kuliko wenzao, na wakaruhusiwa kufuatana na wake zao. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ukaiacha njia kuu ya Unyanyembe, ukapita Ugogo, Ituru na Usukuma, na tarehe 27 Februari 1875 ukafika Kageyi, kusini mwa Nyanza.

Tarehe 8 Machi boti ilishuka majini ikiwa na Stanley na watu wake 11 tu: mabaharia kumi wa Zanzibar na mshika usukani, Wadi Safeni. Msafara wote uliobaki uliachwa Kageyi, na mbali na hao 11, Saramba, mwenyeji wa huko, alichukuliwa awe kiongozi wa njia. Idadi hiyo ndogo ilitokana na hesabu ya nafasi. Futi 40 za boti nyembamba zilipaswa kubeba watu, makasia, tanga, maji, chakula na bidhaa za kununulia chakula kingine. Aliyeongezwa alikula akiba na kuizamisha boti zaidi, na aliyepunguzwa aliacha kasia bila mtu pepo zinapotulia. Mchana upepo wa ziwani uliwasukuma. Tufani ilipotokea ghafla, tanga lilishushwa, wengine wakakumba maji na wengine wakashika makasia ili omo ielekee mawimbi.

Udogo wa timu hiyo ulionekana wazi huko Bumbire, kisiwa cha magharibi mwa Nyanza, tarehe 28 Aprili 1875. Wenyeji waliivuta boti hadi nchi kavu na kuyachukua makasia. Mabaharia walifaulu kuisukuma majini tena, wakang'oa mbao za sakafuni na kuzitumia kama kafi, huku Stanley akiwafyatulia risasi waliowafuatia. Walipita usiku wa dhoruba bila chakula kabla ya kupata kisiwa kisicho na watu. Miezi michache baadaye Stanley alirudi Bumbire na kikosi kikubwa, akaua watu wengi kwa kulipiza kisasi, tendo lililolaaniwa hata Uingereza. Boti ilikuwa imefika Kageyi mwanzoni mwa Mei, baada ya siku 57, na safari hiyo ilithibitisha kwamba Nyanza ni ziwa moja. Mwaka uliofuata Lady Alice ilibebwa tena, ikapita nchi ya Mirambo, mtemi wa Urambo aliyekuwa amepigana na Waarabu wa Tabora tangu 1871 na ambaye sasa alichanjiana na Stanley. Ilifika Ujiji mwezi Mei 1876 na kuzunguka Tanganyika kwa siku 51, ikisindikizwa na mtumbwi wa Mwinyi Kheri, mkubwa wa Ujiji. Mwaka 1877 iliachwa juu ya majabali ya Isangila, karibu na mwisho wa Mto Kongo.

Mafanikio hayo yaliamsha ushindani wa kufika maziwani. Chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kilileta boti Daisy mwaka 1876, kikaijaribu kwanza katika mito Wami na Ruvu kwa matumaini ya kufupisha safari ya nchi kavu. Mito hiyo haikufaa, Daisy ikakatwa vipande kama ya Stanley. Luteni George Shergold Smith na C. T. Wilson waliipeleka Buganda, wakafika Rubaga, mji mkuu wake, mwisho wa Juni 1877. Desemba mwaka huo Shergold Smith na mwenzake O'Neill waliuawa Ukerewe katika ugomvi uliohusu jahazi lililonunuliwa kwa Songoro, mfanyabiashara wa huko. Fundi wa CMS, Alexander Mackay, alipofika Kageyi mwaka 1878 aliikuta Daisy imeharibika. Aliitengeneza, akaanza safari, ikavunjwa na mawimbi upande wa magharibi wa ziwa. Alichofanya ni kukata sehemu ya katikati, kutumia mbao zake kuziba matundu ya mbele na nyuma, kisha kuunganisha ncha mbili. Daisy ikawa fupi, lakini ilimfikisha Buganda Novemba 1878.

Katika Tanganyika kazi kama hiyo ilifanywa na Edward Hore wa chama cha misheni cha London. Hore alikuwa baharia mwenye cheti cha unahodha, na alifika Ujiji Agosti 1878 baada ya msafara wake kushindwa kutumia magari ya ng'ombe, wanyama wakifa njiani. Badala ya kusubiri boti ya Ulaya alichukua chombo cha gogo cha huko huko, akakiwekea tanga na kukiita Calabash. Kwa chombo hicho na mabaharia wachache alichunguza fuko za ziwa na Mto Lukuga. Aligundua jambo ambalo watu wa Ujiji walilijua siku zote: katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu kwenye ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670, na chombo kidogo kinachokwenda kusini hulazimika kungoja utulivu wa alfajiri au kupiga bisha siku nzima kwa faida ndogo.

Hore alirudi Uingereza akaleta Morning Star, boti ya matanga ya chuma cha pua iliyoundwa kama boti za kuokolea watu baharini. Vipande vyake viliondoka Saadani mwaka 1882 juu ya vigari vyepesi vilivyovutwa na watu, vikapita Mpwapwa na Unyamwezi, na vikafika Ujiji Februari 1883. Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwa Alfred Swann, ambaye naye alikuwa baharia. Lakini chama hicho kilipotaka meli ya mvuke, Good News, hakikuipitisha Tabora. Vyuma vyake vililetwa kwa Mto Zambezi na Ziwa Nyasa, njia yenye sehemu ndefu ya maji, na meli ikashushwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1885. Kwa bega la mpagazi, boti ya matanga ya mabaharia wachache ilikuwa ndiyo kipimo cha mwisho.

Wafanyabiashara nao walikijua kipimo hicho. Charles Stokes, aliyeacha misheni na kuwa mkuu wa misafara, alioa katika ukoo wa mtemi wa Usongo na hivyo akawa na wapagazi wa kumtegemea. Mwaka 1889 boti yake iliyoletwa kutoka pwani ilimvusha Kabaka Mwanga kutoka kusini mwa Nyanza arudi kuupigania ufalme wake Buganda.

Mwisho wa boti za mabegani uliletwa na reli. Baada ya Mtemi Isike wa Unyanyembe kushindwa na Wajerumani Januari 1893, njia ya misafara iliingia chini ya serikali yao, ila mizigo iliendelea kubebwa na watu kwa karibu miaka 20 zaidi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Meli Goetzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa na kupakiwa katika maelfu ya makasha, ilipita Tabora ndani ya mabehewa na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 70. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba. Tangu hapo ukubwa wa chombo cha ziwani ulipimwa kwa uwezo wa behewa, na wapagazi wa Unyamwezi hawakuitwa tena kubeba boti.