Yusuf bin Hasan: Mfalme wa Mombasa aliyelelewa Goa

YUSUF bin Hasan, ambaye nyaraka za Wareno zinamtaja kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, alitawala Mombasa, Malindi na Pemba kuanzia mwaka 1626 hadi 1632. Ndiye aliyeiteka Ngome ya Yesu, ile ambayo wengi huiita Fort Jesus, baada ya kuingia ndani yake kama mgeni.

Alizaliwa katika ukoo wa masheikh wa Malindi, marafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga huko mwaka 1498. Urafiki huo ulilipwa. Wareno walipokwisha kuivunja nguvu Mombasa na kuanza kujenga ngome mwaka 1593, utawala wa mji huo walimkabidhi sheikh wa Malindi. Hata hivyo, kiti cha kupewa kina mwenyewe. Baba yake Yusuf, Sultani Hasan bin Ahmad, aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara upande wa Rabai, na mwaka 1614 akauawa huko na watu waliohongwa na Wareno.

Mwanawe, wakati huo mtoto wa miaka takriban saba, alichukuliwa hadi Goa, makao makuu ya Wareno nchini India. Mapadri wa Shirika la Mtakatifu Augustino walimlea na kumbatiza. Alijifunza Kireno, akatumikia katika merikebu zao za vita, akaoa mke Mkristo. Mbinu ya kumsomesha mrithi ili kuutiisha ukoo haikuwa ya Wareno peke yao. Mwaka 1609, machifu wa visiwa vya magharibi mwa Uskoti walilazimishwa na serikali ya Mfalme James kupeleka wana wao wa kwanza katika shule za nyanda za chini ili wajue Kiingereza.

Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuwa mfalme, na mwaka uliofuata aliandika barua ya utii kwa Papa. Kwa nje, kazi ya Goa ilikuwa imekamilika. Kwa ndani, hakuwa na mahali pa kusimama: Waislamu wa mji walimwona mfalme aliyeacha dini ya wazee wake, na makapteni wa ngome walimwona mtumishi mwenye taji.

Huku kwetu Ufipa, wazee husimulia kwamba Watwa walipokitwaa kiti cha Milanzi hawakumfuta mwenye nchi. Walimwachia mlima wake na heshima yake ya kale katika mambo ya ibada. Masimulizi hayo yana busara ya utawala ambayo Wareno wa Mombasa hawakuwa nayo. Walimpa Yusuf cheo, wakamnyima heshima.

Kilichowasha moto ni kaburi. Mfalme alionekana akizuru kwa siri kaburi la baba yake na kumwombea kwa desturi ya Kiislamu. Habari zilimfikia kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, aliyekusudia kumpeleka Goa ahukumiwe. Yusuf hakusubiri. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba anamwamkia kapteni, akamuua, na ngome ikaanguka. Alitangaza kurudi katika Uislamu na kulitwaa tena jina la Yusuf.

Siku zilizofuata hazina utetezi. Wakristo waliokuwa wamejificha katika nyumba ya watawa walitakiwa kusilimu. Waliokataa, Wareno na Waafrika, wanawake na watoto wakiwamo, waliuawa. Kanisa baadaye lilikusanya ushahidi juu yao kama mashahidi wa dini.

Mapema mwaka 1632 merikebu za Goa, zikiongozwa na Francisco de Moura, ziliizingira Mombasa kwa miezi kadhaa zikashindwa. Hapa ndipo penye fumbo, kwa sababu mshindi hakubaki kutawala. Mwezi Mei mwaka huohuo Yusuf aliharibu ngome kadiri alivyoweza, akapanda chombo alichowateka Wareno, akaondoka. Huenda aliona kwamba Goa ingeleta merikebu nyingine, naye hakuwa na mshirika mwenye nguvu wa kumsaidia. Miji ya pwani haikuinuka yote kumfuata.

Miaka iliyobaki aliimaliza baharini, akiwawinda Wareno kati ya Uarabuni, Komoro na Bukini, hadi alipofariki karibu mwaka 1638 katika pande za Bahari ya Shamu. Wareno walikwisha kurejea Mombasa tangu Agosti 1632. Hawakumtawaza tena mfalme wa ukoo wa Malindi, na waliishikilia ngome hadi Waomani walipowatoa mwaka 1698. Juu ya lango lake bado lipo jiwe la mwaka 1635, ambamo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira aliandikisha jinsi alivyoijenga upya na kuiadhibu miji ya pwani.