Lumberjanes: Madem Watano, Kambi Moja na Mbweha wa Macho Matatu

Kama ulicheki Nimona kwa Netflix 2023 ukabaki ukijiuliza huyo mwandishi ametoa nini ingine, jibu moja ni hili. ND Stevenson, mwenye kitabu cha Nimona, ni mmoja wa wasee wanne walioanzisha Lumberjanes. Wenzake ni Shannon Watters, Grace Ellis na mchoraji Brooklyn Allen. Toleo la kwanza lilitoka Aprili 2014, Marekani, kupitia kampuni ya BOOM! Studios. Hapa chini ndio yote unafaa kujua kabla uanze kusoma, plus sababu inafaa kukuhusu wewe wa Kangemi, Kawangware ama tao.

Story ni gani?

Marekani shule zikifungwa kiangazi, wazazi wengi hupeleka watoto kambi. Wanalala kwa vibanda vya mbao, wanafunzwa kufunga kamba, kupiga makasia na kuwasha moto. Fikiria likizo ya Agosti, lakini badala ya kutumwa ushago umetumwa msituni na watoto hujui.

Kambi ya hii komiki ina jina refu mpaka unaishiwa pumzi: Miss Qiunzella Thiskwin Penniquiqul Thistle Crumpet's Camp for Hardcore Lady Types. Ungedhani huko kazi ni kuimba kando ya moto na kulala mapema. Wapi! Toleo la kwanza tu, madem watano wametoka kibandani usiku bila ruhusa na wanapigana na mbweha wa macho matatu. Kutoka hapo ni mbio: pango limejaa mafumbo, dinosau, halafu Artemi na Apollo, wale miungu wa Wagiriki, wakigombania nguvu za baba yao Zeus. Na katikati ya hiyo fujo yote, bado lazima mtu apate beji zake.

Genge lenyewe

Jo ndiye kichwa. Hesabu na sayansi kwake ni kama maji.

April ni mdogo wa mwili, nywele nyekundu, lakini nguvu zake si za hapa. Pia ni mgonjwa wa mizaha.

Mal anakaa mgumu kwa sura na nguo, lakini ndani ni mpole. Yeye ndiye wa kupanga mipango.

Molly ni mtulivu, ana shabaha ya upinde, na kofia yake ni mnyama mzima: rakuni anaitwa Bubbles.

Ripley ndiye mdogo kwa wote na hajui neno "pole pole". Akiona hatari anairukia kwanza, kufikiria ni baadaye.

Kuna pia Jen, kiongozi wa kibanda chao, ambaye maisha yake ni presha juu ya hawa watano. Na Rosie, mkubwa wa kambi, anayejua mengi kuliko yale anasema.

Mal na Molly wanapendana, na Jo ni msichana trans. Komiki haigeuzi hiyo kuwa kesi. Ni sehemu ya maisha yao, na wana mbweha wa kupigana nao.

Mbona ilivuma?

Soma ile sehemu ya pango na utaelewa. Jo anawavusha mahali kwa sababu anajua mfuatano wa namba za Fibonacci. Mbele kidogo, April anashindana mkono na sanamu kubwa inayoongea, na anaishinda. Molly naye anafungua fumbo la herufi zilizochanganywa. Hakuna boy anatokea dakika ya mwisho kuwaokoa, na hakuna mmoja wao angeweza kupita hapo solo. Hesabu ni silaha, misuli ni silaha, utulivu pia ni silaha.

Hiyo ndio siri. Kwa komiki nyingi za zamani dem alikuwa mmoja kwa kikosi, na kazi yake ilikuwa kutekwa ama kupendwa. Ukiweka dem mmoja tu, lazima abebe wasichana wote mgongoni: awe mrembo, awe mwerevu, asikosee. Ukiweka watano, mmoja anaweza kuwa mwoga, mwingine kelele, mwingine mkorofi, na wote wakabaki mashujaa.

Sasa sikia hii. Mwanzoni Lumberjanes ilipangwa iwe matoleo 8 tu, kisha iishe. Wasomaji wakaikubali, kampuni ikaamua iendelee, na ikaenda mpaka toleo la 75, mwaka 2020. Mwaka 2015 ilishinda Eisner mbili, moja ya mfululizo mpya bora na nyingine ya komiki bora ya matineja. Eisner kwa komiki ni kama Oscar kwa filamu. Shika hiyo ya 8 kufika 75, tutairudia.

Hii inatuhusu aje huku Nairobi?

Inatuhusu kuliko unavyodhani. Mambo ya beji, nadhiri na vitabu vya kambi kwa Lumberjanes yamechongwa kutoka kwa skauti, na skauti wana mizizi hapa kwetu. Robert Baden-Powell, aliyeanzisha skauti, alikufa Nyeri Januari 1941 na amezikwa hapo hapo. Majivu ya mkewe Olave, aliyeongoza Girl Guides duniani, yako kwa kaburi hilo hilo. Wasichana wa Kenya wamekuwa Guides tangu 1920. Makao makuu yao yako upande wa Arboretum, mwendo wa miguu kutoka tao. Na ukishika mathree ya Ngong Road uteremke Jamhuri, kuna Rowallan Camp, kambi ya skauti kando ya msitu, Kibra ikiwa jirani.

Kwa hivyo kambi tuko nayo. Msitu tuko nao. Maajabu je? Simbi Nyaima kule Homa Bay ni ziwa ambalo Wajaluo wanasimulia lilimeza kijiji kizima, kwa sababu watu waliokuwa kwa sherehe walimfukuza mama mzee aliyeomba makao. Lwanda Magere mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa kwa kivuli. Hata Ngong Hills, zile unaziona ukiwa juu ya gorofa Kawangware, kuna hadithi inasema zilifinyangwa na mkono wa jitu lililojikwaa likaanguka. Mbweha wa macho matatu hatuhitaji kuazima.

Wachoraji pia hatujawahi kukosa. Mwaka 1973 Terry Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe hapa Nairobi, likachekesha mji mzima. Miaka ya 80 Hirst akatoa Pichadithi, yaani picha na hadithi, akigeuza ngano za Kiafrika kuwa komiki. Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi kuwa nyumbani, alituchorea Akokhan, vita vya nguvu za uchawi wa Kiafrika, mpaka alipofariki 2012 kwa ajali ya matatu. Halafu 2010 ikaja Shujaaz, kwa Sheng yetu, bure ndani ya gazeti na kwa vibanda vya M-Pesa. DJ Boyie akawa staa, na Emmy ya kimataifa ikakuja 2012 na tena 2014. Ndani ya Shujaaz kulikuwa na Malkia na Maria Kim, wasichana wenye akili na mipango yao. Lakini msee wa maikrofoni alikuwa Boyie.

Hapo ndio pengo liko. Tuna kambi, tuna majitu, tuna kalamu. Lile genge la wasichana wa mtaa, hadithi ikiwa yao kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bado tunalidai.

Na usiambiwe haiwezekani. Malenga Mulendema, mwandishi wa Zambia, alipeleka wazo lake kwa shindano la studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini mwaka 2015: wasichana wanne wa Lusaka wanaookoa mji wao wakiongozwa na mama mmoja mpelelezi mstaafu. Julai 2023 wazo hilo likatoka kwa Netflix kama Supa Team 4, mfululizo wa kwanza wa katuni kutoka Afrika kutengenezwa na Netflix.

Uanzie wapi?

Kitabu cha kwanza cha Lumberjanes kinaitwa Beware the Kitten Holy, kinakusanya matoleo manne ya mwanzo. Kinapatikana pia kwa simu kama kitabu cha kidijitali. Ukikipenda, endelea mpaka toleo la 8, hapo ndipo story ya miungu inafunga.

Halafu rudi kwa ile hesabu ya 8 na 75. Lumberjanes haikuongezewa maisha na tuzo pekee, iliongezewa na watu waliolipa, toleo baada ya toleo. Huku kwetu wachoraji hupanga meza NAICCON, ule mkutano wa komiki wa Nairobi, na watu wengi hupita, hupiga picha, hufuata ukurasa wa Insta na kuenda. Siku utaona meza ya dem anauza toleo la kwanza la story yake, nunua. Halafu muulize toleo la pili linatoka lini, na siku hiyo rudi na doo.