Herufi za Matofali

Aprili 2008, kampuni ya kuuza fonti ya FontShop, yenye makao yake Berlin, ilifadhili karakana ya herufi kwenye intaneti iliyoitwa FontStruct. Aliyeibuni ni Rob Meek, na kuingia kulikuwa bure. Mtumiaji alikuta mbele yake uwanja wa vijumba vya mraba kama daftari la hesabu, na pembeni mkusanyiko wa maumbo madogo: mraba kamili, nusu mraba, pembetatu, robo duara, nukta. Maumbo hayo yaliitwa matofali. Ukiyapanga vijumbani unapata A, kisha B, na alfabeti ikikamilika unaipakua ikiwa fonti halisi, ambayo unaweza kuitumia kuandika barua, bango au tangazo la harusi kwenye programu yoyote ya kompyuta.

Programu za kuchora fonti hazikuwa jambo geni. Fontographer ilikuwa sokoni tangu 1986, na FontForge, iliyoanzishwa na George Williams mwaka 2000, haikumtoza mtu hata senti. Lakini zote mbili zilidai ujuzi. Mchoraji alipaswa kuongoza mistari ya kupinda kwa kuvuta vishikio vidogo huku na huku, na mkono usiozoea huishia na O yenye nundu. Tofali lilimwondolea mgeni mzigo huo. Mpindo umekwisha kuchongwa, na yeye kazi yake ni kuamua auweke wapi.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kwa karne nyingi, kutengeneza herufi za chapa kulikuwa kazi ya watu wachache: wachongaji wa chuma, viwanda vya kusubu risasi, baadaye makampuni yenye mashine za thamani kubwa. Wengine wote walikuwa wanunuzi. Kila mara herufi zilipovunjwa kuwa vipande vichache vinavyopangika, mlango wa kazi hiyo ulifunguka kidogo, na walioingia walikuwa watu ambao hakuna aliyewatarajia.

Waashi walitangulia. Katika Msikiti wa Bibi Khanym huko Samarkand, uliojengwa kwa amri ya Timur mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15, majina matukufu yameandikwa ukutani kwa matofali yenye rangi ya kung'aa yaliyopangwa katikati ya matofali ya kawaida. Mwandiko huo ni kufi ya mraba. Tofali halipindi, kwa hiyo herufi za Kiarabu, ambazo kwa kalamu ya mwanzi hutiririka, zilinyooshwa zikawa mistari na kona, na unene wa mstari ukalinganishwa na upana wa nafasi iliyo kando yake. Huko Ulaya, vitabu vya mifano vya karne ya 16 viliwapa washonaji alfabeti zilizochorwa juu ya vijumba, ili mshono uhesabiwe mmoja mmoja. Mwashi na mshonaji hawakujiita wabunifu wa herufi. Walikuwa na gridi, wakawa na jambo la kuandika.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wasanii walilichukua wazo hilo na kulifanya nadharia. Josef Albers, mwalimu katika shule ya Bauhaus huko Dessau, Ujerumani, alianza katikati ya miaka ya 1920 kujenga alfabeti kwa maumbo matatu tu: mraba, robo duara na duara. Aliiita Kombinationsschrift. Sababu yake ilikuwa ya kiuchumi kama ilivyokuwa ya kisanaa, kwani vipande vichache vinavyounganika vingetosha kuandika kila kitu. Vipande hivyo vilitengenezwa hata kwa kioo kwa ajili ya maandishi ya mabango ya nje. Ukizitazama herufi hizo leo unaona uzuri wake na kasoro yake kwa pamoja: kwa mbali zina nguvu ya ajabu, kwa karibu zinamchosha msomaji.

Aliyelifikisha wazo hilo kwa wenye njaa nalo ni Joan Trochut wa Barcelona, na jina lake linastahili kujulikana zaidi ya lilivyo.

Mwaka 1942 Hispania ilikuwa imetoka tu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwenye kiwanda kidogo cha chapa hakuwa na fedha za kununua fonti mpya, na katika enzi za risasi kila ukubwa wa herufi ulinunuliwa peke yake. Aliyetaka aina moja katika saizi sita alinunua seti sita. Trochut, aliyezaliwa katika familia ya wachapaji, alibuni Super Tipo Veloz, seti ya vipande vya risasi vilivyosubiwa na kiwanda cha José Iranzo. Kulikuwa na vipande vya nguzo za herufi, vipande vya mipindo, mikia na mapambo. Mpiga chapa alivipanga kwa mkono, akaunda herufi nyembamba au nene, za kawaida au za madoido, na kwa vipande vilevile akatengeneza nembo ya duka la viatu au pambo la kadi ya ubatizo. Hakuhitaji kumwita mchoraji wala kulipia bamba la kuchongwa.

Albers alitaka vipande vichache kadiri inavyowezekana. Trochut alitaka vingi vya kutosha ili mtu mwingine apate uhuru. Hakumpa mpiga chapa alfabeti iliyokwisha. Alimpa uwezo wa kutunga yake, na akamwachia uamuzi wa mwisho. Mfumo huo ulififia jinsi chapa ya risasi ilivyofifia, hadi mwaka 2004 ulipofanywa fonti ya kompyuta na Andreu Balius pamoja na Alex Trochut, mjukuu wa mbunifu mwenyewe.

Uholanzi nako, Wim Crouwel alitoa New Alphabet mwaka 1967. Aliona jinsi mashine za kwanza za kupanga maandishi kwa kioo cha elektroniki zilivyoharibu mipindo ya herufi za kale, akaamua kubuni herufi zinazokubaliana na mashine: mistari ya wima na ya mlalo, na kona zilizokatwa. Baadhi ya herufi zake hazisomeki bila kufundishwa, na yeye mwenyewe aliziona kama jaribio la kuchochea fikra kuliko bidhaa ya kutumiwa.

Kompyuta ya Macintosh, iliyotoka Januari 1984, iliwashusha watu wa kawaida kwenye gridi ya pikseli. Nyingi ya fonti zake za mwanzo, ikiwemo Chicago iliyoonekana kwenye menyu, zilibuniwa na Susan Kare, msanii aliyefika Apple bila uzoefu wa kompyuta. Huko Berkeley, California, Zuzana Licko aliinunua mashine hiyo na kuanza kupanga nukta moja baada ya nyingine. Licko alizaliwa Bratislava, akahamia Marekani akiwa mtoto, na pamoja na mumewe Rudy VanderLans alikuwa akichapisha jarida la Emigre. Kioo cha Macintosh kilikuwa na nukta 72 tu kwa inchi. Wengi waliona ufinyu huo kuwa kero ya kuvumilia hadi mashine nzuri zije. Licko aliuona kuwa malighafi. Mwaka 1985 alitoa Emperor, Oakland na Emigre, fonti zilizokiri waziwazi kwamba zimejengwa kwa vijumba.

Wakongwe hawakufurahi. Massimo Vignelli, mmoja wa wabunifu walioheshimiwa sana Marekani, alizishambulia kazi za Emigre hadharani kuwa ni takataka. Miaka michache baadaye alikubali kubuni bango la kuitangaza Filosofia, fonti ya Licko ya mwaka 1996. Na mwaka 2011 jumba la sanaa la MoMA huko New York lilipoingiza fonti za kidijitali katika hazina yake, Oakland ilikuwemo, pamoja na New Alphabet ya Crouwel.

Hata hivyo Licko na Kare walifanya kazi hiyo kama wabunifu wa kulipwa. FontStruct ilikwenda hatua moja mbele kwa sababu iliunganisha tofali na ujirani. Kila fonti iliyokamilika ingeweza kuwekwa hadharani na kupakuliwa na mtu yeyote. Mwenye fonti alichagua leseni, zikiwemo za Creative Commons, na kama leseni inaruhusu, mtu mwingine alibofya mara moja akapata nakala yake: si picha ya herufi tu, bali matofali yenyewe, yakiwa tayari kuhamishwa. Katika biashara ya fonti, ambako ramani ya ndani ya herufi hulindwa kama siri ya familia, huo ulikuwa ukarimu mkubwa. Mgeni aliweza kufungua kazi ya aliyemtangulia na kuona kwa macho yake jinsi S ilivyokaa.

Na S ndiyo mtihani. Mpindo wake unageuka mara mbili ndani ya nafasi finyu, na gridi haina huruma. Kuna pia maradhi ya macho ambayo hakuna tofali linaloyatibu lenyewe. O yenye kimo sawasawa na H huonekana fupi. Mstari wa mlalo wenye unene sawa na wa wima huonekana mnene zaidi. Mchongaji wa zamani aliyasahihisha kwa vipimo vidogo sana. Mjenzi wa matofali hana kipimo kidogo kuliko tofali lake. Watumiaji wa FontStruct walijibu kwa ubunifu wa kweli. Walijenga herufi kubwa zenye mamia ya vipande ili kila kipande kiwe kidogo kwa uwiano, waliunganisha matofali kadhaa kuwa tofali jipya, na waligundua kwamba kubadili ukubwa wa tofali dhidi ya ukubwa wa kijumba hufanya matofali yapandane na kuzaa mipindo ambayo seti ya mwanzo haikuwa nayo. Kazi zao bora huwezi kuzijua kuwa zimejengwa kwa vijumba.

Mwaka 2014 Monotype, kampuni kubwa ya fonti, iliinunua FontShop. Karakana iliendelea kuwepo, na Meek akaendelea kuiendesha.

Kwa anayeandika Kiswahili, fonti za aina hii zina faida moja na taabu moja. Faida ni kwamba tahajia sanifu, ambayo kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa nchi za Afrika Mashariki iliisimamia, haina alama juu wala chini ya herufi. Hata ng' ya ng'ombe inahitaji kistari cha juu tu ambacho kila mjenzi hukiweka. Fonti ya mwanafunzi aliyeishia kwenye herufi 26, tarakimu na vituo inatosha kuchapa gazeti zima la Kiswahili. Taabu ni mishazari. Q na X hatuzihitaji, lakini hatuwezi kumaliza sentensi bila k, w, y na z: kwa, wa, ya, za, kazi, wakazi, wazazi. Hizo ndizo herufi zinazomshinda mjenzi wa gridi, kwa kuwa mshazari wa matofali hugeuka ngazi. Fonti inayopendeza katika sampuli ya Kiingereza huweza kuonekana mbovu kabisa katika aya moja ya Kiswahili, na mbunifu wa Dar es Salaam au Mombasa afadhali aipime kwa neno wakazi kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa.

Majirani zetu wana mahitaji mengine. Kikuyu na Kikamba huandikwa kwa ĩ na ũ, Luganda ina ŋ, na fonti nyingi za wasio wataalamu hazina herufi hizo, hivyo kompyuta huziazima kutoka fonti nyingine na neno likatoka na kiraka katikati. Ndiyo maana ruhusa ya kunakili ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Anayetaka bango la Kikuyu anaweza kuchukua fonti ambayo mwenyewe ameiachia leseni inayofaa, akaifungua, akaondoa nukta ya i, akapanga vipande vitatu au vinne vya wimbi juu yake, akafanya vivyo hivyo kwa u, na kuirudisha hadharani kwa jina jipya, huku jina la mjenzi wa kwanza likiwa limetajwa.