Damu ya Saa Nne Usiku

Babu yangu hakunywa dafu. Aliishi Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye kiwanja chenye minazi sita iliyopandwa na baba yake, na kila mgeni aliyefika aliangushiwa dafu, likakatwa kwa panga, akapewa mkononi. Babu mwenyewe alikunywa maji ya mtungi. Aliliacha dafu tangu ujanani, siku alipoona uvimbe wa kwanza, kwa sababu kila mtu wa pwani anajua, au anadhani anajua, kwamba maji ya dafu hushuka chini yakajaa kwenye korodani. Busha lake halikujali. Liliendelea kukua miaka thelathini huku minazi ikizaa.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi kwa nini babu haendi kukaa barazani na wazee wenzake. Akanijibu, "Babu yako ana mshipa. Usije ukamuuliza." Sikumuuliza. Nilizoea tu kwamba kanzu za babu zilishonwa pana kuliko za watu wengine, na kwamba swala ya Ijumaa alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka, ili asitembee mbele ya macho ya watu.

Maradhi haya ni ya zamani kwetu. Richard Burton, aliyefika Unguja Desemba 1856, aliyataja katika kitabu chake kuhusu kisiwa hiki. Lakini mzungu huyo naye hakujua yanatoka wapi. Aliyeanza kujua alikuwa mbali na hapa, katika bandari ya Amoy nchini China, ambako daktari Mskochi Patrick Manson aliajiriwa na idara ya forodha. Mwaka 1877 alimchukua mtunza bustani wake, Hinlo, ambaye damu yake ilikuwa na viminyoo vidogo visivyoonekana kwa macho, akamlaza usiku katika kijumba kilichoachwa wazi ili mbu waingie. Asubuhi mbu walioshiba walikusanywa. Manson aliwapasua mmoja baada ya mwingine, siku baada ya siku, akaona viminyoo vile vikibadilika na kukua ndani yao. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa kwamba mdudu anayeuma watu anaweza kulea ugonjwa wa binadamu. Jina la Manson limo katika kila kitabu cha tiba ya nchi za joto. Mimi humfikiria zaidi Hinlo, aliyelala pale.

Lakini Manson alipata nusu tu ya jibu. Aliamini mbu hufa mapema, juu ya maji wanakotaga, viminyoo vikabaki majini, na mtu akaambukizwa kwa kunywa. Ilibidi kusubiri hadi 1900, pale George Carmichael Low alipoviona viminyoo ndani ya mdomo wa mbu, vikingoja kuuma kunakofuata. Kwa hiyo kwa miaka 23 daktari mkubwa wa London na babu yangu wa Makunduchi wangeweza kukaa baraza moja wakaelewana: wote wawili walilaumu kitu kilichonywewa. Tofauti ni kwamba Manson alisahihishwa akiwa hai.

Hali halisi ni hii. Mbu anamuuma mtu, minyoo michanga inaingia kupitia kidonda, inasafiri hadi kwenye mishipa ya limfu, ile inayopita kwenye mitoki ya kinena na kwapa. Hapo inakua, myembamba kama uzi, jike akifika sentimita 8 hadi 10, na kuishi miaka mingi. Jike huzaa viminyoo kwa mamilioni. Mishipa ikiharibika, maji ya mwili hukosa njia: mguu ukavimba ukawa tende, au maji yakakusanyika katika mfuko unaozunguka korodani likawa busha. Na viminyoo vina tabia moja ambayo hadi leo hunisisimua. Mchana hujificha ndani kabisa, kwenye mapafu. Usiku, saa ambazo mbu wetu wa vyooni huuma, hupanda hadi damu ya juu ya ngozi. Daktari akikuchoma kidole saa tano asubuhi anaweza kukwambia huna kitu.

Ndiyo maana, mwaka 1988, watu walikuja kwetu usiku. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Kuanzia saa nne walipita na taa za kandili, meza ndogo na vipande vya vioo, wakiamsha nyumba nzima. Bibi alinishika mkono nilipochomwa. Babu alitoa kidole chake gizani bila kusema neno. Katika mji ule wa watu wapatao 12,000, karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na viminyoo katika damu.

Ikafuata dawa, vidonge vya DEC, dawa iliyojulikana tangu miaka ya 1940. Minyoo inapokufa mwilini huleta homa, na babu alilala siku mbili akitetemeka, akisema wamemuua. Lakini kilichotushangaza watoto si vidonge. Ni punje nyeupe. Watafiti, wa Zanzibar na wa London, miongoni mwao Caroline Maxwell na Chris Curtis, walileta chembe za ile plastiki nyepesi inayozungushiwa redio ndani ya boksi. Zilimwagwa katika vyoo vya shimo vyenye maji, maana mbu aina ya Culex hupenda maji machafu kuliko masafi. Chembe zikaelea, zikafanya blanketi jeupe. Viluwiluwi vya mbu hupumua kwa kuja juu ya maji. Hapo hawakupata pa kutoa pua. Mbu jike naye hakupata pa kutaga. Blanketi lile halihitaji kununuliwa tena kila mwezi, linakaa miaka. Sisi tuliita mchele wa chooni, na mdogo wangu alichapwa kwa kujaribu kuuchota kwa kopo.

Mbu walipungua kwa takriban asilimia 98. Watu walianza kulala bila kuchoma makumbi ya nazi. Na kiwango cha wenye viminyoo, kilichokuwa karibu nusu, kilishuka kwa dawa, kikaendelea kushuka miaka iliyofuata hadi kama 3 katika kila 100. Mahali pengine palipopewa vidonge bila chembe, ugonjwa ulishuka, kisha kati ya mwaka wa tatu na wa sita ukapanda tena. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya hadithi hii isiyosimuliwa vya kutosha. Huzungumzwa vidonge kwa sababu vidonge huhesabika. Nani atapiga picha na choo?

Vidonge vikubwa vilikuja 2001, safari hii Unguja na Pemba nzima, nyumba kwa nyumba: ivermectin na albendazole, vilivyotolewa bure na kampuni zinazovitengeneza. Ivermectin ilitokana na kijidudu kilichopatikana na Satoshi Ōmura katika udongo wa Japani, ikakuzwa na William Campbell na wenzake Marekani, na 2015 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Vinaua viminyoo vya damuni, lakini minyoo mikubwa huhimili. Ndiyo sababu mtu hupewa kila mwaka, akisubiri wazazi wazeeke na kufa. Baada ya miaka michache zoezi likasimama, kisha vipimo vikaonyesha ugonjwa ungalipo, na vidonge vikarudi.

Babu hakuufikia mwaka 2001. Na hata angeufikia, kidonge hakipunguzi busha. Mtu mwenye tende husaidiwa kwa kuosha mguu kila siku kwa sabuni, kuukausha na kuuinua. Mwenye busha husaidiwa kwa kisu. Operesheni yenyewe si kubwa, na ilikuwepo muda wote babu alipokuwa akishonesha kanzu pana. Hakuna aliyemwambia. Au aliambiwa, akaona haya kuvua nguo mbele ya daktari kijana.

Ami yangu, mwanawe wa mwisho, alirithi nyumba, minazi na busha. Alinificha miaka minane. Alipokubali kupasuliwa nilimpeleka mimi, na jioni, dawa ya ganzi ilipokwisha, akaniita karibu na kitanda. "Nenda kaniletee dafu. Lisiwe koroma."

Muuza madafu alikuwa nje ya geti na baiskeli yake. Akaniuliza nampelekea nani. Nikamwambia mgonjwa wa busha. Akaliweka panga chini. "Mpelekee maji ya chupa, ndugu yangu," akasema. "Unataka limrudie?"

Nilinunua mawili.