Kutoka zaire mpaka faranga: hesabu inayolinda mtaji



Tunasema mara nyingi kwamba biashara ndogo inakufa kwa kukosa mtaji. Historia ya makuta yetu inaonyesha kitu kingine: mtaji unaweza kuisha ungali mkononi, kama mwenyewe hajui kuupima.

Zaire ilipoanza mwaka 1967, moja ilikuwa sawa na dola 2. Mwishoni mwa 1992 ikatoka noti ya zaire milioni 5, na wafanyabiashara wakaikataa. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasaï hawakuitaka, wakaendelea na ile ya zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000.

Ndugu zetu waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 waliondoka wakihesabu kwa zaire mpya. Kule Lugufu na Nyarugusu wakazoea shilingi ya Tanzania. Safari za HCR kutoka Kigoma mpaka Baraka zilipoanza mwaka 2005, wakakuta ku soko ni faranga na dola. Aliyekuwa ameficha zaire zake alikuta karatasi tupu. Lakini aliyejifunza kuuliza kila asubuhi, "pesa hii leo inanunua nini?", alirudi na mali isiyooza.

Tuchukue mfano. Mama ananunua fuko la ndagala faranga 100,000, anauza 120,000. Anafurahi: nimepata 20,000! Akirudi kwa wavuvi, fuko lile lile limefika 125,000. Basi hakupata kitu, amepungukiwa 5,000. Akila ile 20,000 nyumbani, safari ijayo atanunua fuko pungufu, na ijayo tena pungufu, mpaka meza inabaki wazi. Hapo hakuna mwizi.

Hata sanduku la chama linaweza kuliwa hivyo. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu faranga 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Mkopo wa faranga 93,000, yaani dola 100, ukirudishwa wote bila kukosa hata faranga moja, unarudi kama dola 58 tu. Mkopaji ni mwaminifu, na bado sanduku limepungua.

Ndiyo maana tunaomba mambo mawili. Kwa wanachama: kila meza iwe na daftari la bei tatu, ya kununua, ya kuuza, na ya kununua tena leo. Na kabla ya kutoa mkopo, tupatane deni litahesabiwa kwa pesa gani. Kwa wafadhili: tukiandika daftari na siku za mafunzo kando ya mtaji, msione ni gharama ya pembeni. Bila hiyo hesabu, mtaji mnaotuma mwaka huu mtaombwa tena mwaka kesho.